Jogoo Kwenye Hadubini

Mume wangu Nicodème ana cheti kimoja tu kutoka Mbarara, cha mafunzo ya siku moja kule Kamukuzi, na amekitia kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi yetu. Siku hiyo mtaalamu mmoja wa polisi aliwafundisha watu wa maabara jinsi damu inavyofichua uhalifu. Tangu hapo nyumbani kwetu Misiera hakuna amani. Kazi yake ni kutafuta malaria kwenye hadubini ya zahanati, lakini ukimuuliza chumvi iko wapi, anakueleza habari za seli.

"Mama Vanessa, seli ya munyama ni sawa lupango, kiwanja yenye nyumba," ataniambia. "Utando njo uzio. Katikati kuna kiini, njo chef, mukubwa ya lupango. Ila seli nyekundu ya damu ya mbuzi, hata ya mutu, chef alishatoka. Ya kuku, chef angali ndani."

Namwitikia huku nachambua maharage.

Sasa, bwana huyu anayeona visivyoonekana, jogoo wake mwekundu alitoweka Jumamosi na hakushtuka. Alisema tu uzee umeanza kumziba masikio, maana hamsikii tena akiwika. Jogoo nilimtoa mimi. Vénant, kijana anayechaji simu za watu pale senta, alitaka kuja Jumapili kumposa binti yetu Vanessa, na mfukoni hakuwa na kitu. Nicodème alishaapa kwamba mkwe wa mikono mitupu hataketi kwake. Basi nikampa Vénant jogoo kupitia mlango wa nyuma, akamchinja kwao, akamleta amepikwa ndani ya sufuria. Nicodème alikula mapaja yote mawili, akasema, "Kijana huyu anajua kufuga."

Jumatatu, mbuzi wa Sowedi, mfanyabiashara wa Mbarara, akapotea. Alikuwa amefungwa karibu na kibanda cha Vénant, na kwenye mkono wa koti la Vénant watu wakaona damu.

"Ni ya kuku," Vénant akajitetea.

"Kuku ya nani?" Sowedi akafoka.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Vénant alinitazama mara moja, akatazama chini. Watu wakaanza kutafuta kamba wampeleke polisi. Mwizi wa mbuzi hapewi binti wa mtu, nami nilijua hivyo, lakini nilimwogopa mume wangu, nikabaki nimeshika ndoo. Naona haya mpaka leo.

"Mungojee!" Nicodème akapaza sauti. "Mulete hiyo koti."

Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka mitatu. Kule zahanati, wote wakimfuata, akakata nyuzi zenye damu, akaziloweka kwenye maji ya chumvi, akapaka kioo, akatia rangi. Kioo cha pili akakipaka damu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, mtu asije akasema anampendelea mkwe. Kisha akamwita Sowedi atazame mwenyewe.

"Hii ya mbuzi iko tupu," Sowedi alikiri. "Hii ya koti... kila moja iko na doti ndogo nyeusi ndani."

"Chef angali ndani. Kuku!"

Watu wakashangilia. Hapo hapo simu ya Sowedi ikalia. Dereva wake alikuwa njiani, amefika Kaberebere, na mbuzi alikuwa naye kwenye lori, nyuma ya magunia. Alimpakia asubuhi akasahau kusema. Sowedi akamwomba Vénant msamaha mbele ya wote.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mume wangu ana cheti.

"Ila ni kuku ya nani?" akauliza. "Vénant, juu ya nini haukusema?"

Vénant akapiga hatua mbele. Nikaona yuko tayari kusema aliiba.

"Ni ya kwako," nikasema. "Mimi njo nilimupatia. Na wewe mwenyewe njo ulimukula, mapaja yote mbili."

Zahanati nzima ikaangua kicheko. Nicodème hakucheka. Aliinamia tena hadubini, akachungulia kwa muda mrefu, kana kwamba angeyaona na manyoya yake mekundu. Alipoinuka, alimgeukia Vénant.

"Ulikubali bakufunge, juu ya kumuficha mama?"

"Ndiyo, papa."

Nicodème akachukua lile koti, akamvisha kijana kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga na vifungo.

"Utarudi Dimanche, Jumapili yenye inakuja," akasema. "Na usilete kitu. Tulibakia na kuku mbili tu."