Mifuko ya Picha ya Mwalimu Milka

Mwalimu Milka alifundisha darasa la kwanza huko Pap Onditi, chumba kilichopakana na changu. Picha za ukutani mwake zilichorwa na mumewe, Dalmas, aliyekuwa fundi wa kuandika mabango Kondele: mamba, samaki aina ya ngege, trekta la miwa. Mwaka wa 1988 Dalmas alipooza mkono wa kulia. Picha nyingine hazingechorwa, na Milka alilijua hilo.

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Kanisa lilisali madarasani mwetu Jumapili, na wazee wake hawakutaka kuhubiri mbele ya mamba. Kwa hiyo kila Ijumaa tulibandua kila kitu, na Jumatatu tukabandika upya. Milka aliweka picha zake katika katoni iliyowahi kubeba dagaa wa omena. Panya wakafuata harufu, wakatafuna kona ya ngege. Alilia mbele yetu sote ofisini.

Basi akaamua kushona. Alipata magunia ya sukari kutoka kiwanda cha Muhoroni, akayakung'uta tu, na sisimizi wakaja kama walioalikwa harusini. Akayachemsha kwa sabuni, akayaanika uani, akashona mifuko mipana, kila picha na wake, kisha akaitundika kwenye boriti, mbali na panya. Kazi safi! Hata mimi nisiyesifu ovyo nilisifu.

Lakini Jumatatu ilipofika hakutoa hata picha moja. Wala Jumatatu iliyofuata. Nikimuuliza, alijibu, "Kesho, mwalimu." Watoto walimaliza muhula wakitazama ukuta mtupu, na mimi nilikasirika, ingawa woga wake niliuelewa vizuri.

Siku ya wazazi Dalmas alikuja, mkono ukiwa umefungwa shingoni kwa kitambaa. Alitazama kuta, kisha akainua macho kwenye ile mifuko.

"Mama Adero, picha iko wapi?" akamuuliza mkewe.

"Iko salama, Baba Adero. Ikiharibika, nani atachora ingine?"

"Mimi bado niko hai," Dalmas akasema. "Mbona unashonea mkono yangu sanda?"

Milka alivuta kiti, akapanda, akamtoa mamba. Dalmas akasogea, akashikilia kona ya chini kwa mkono wa kushoto, mkewe akabandika ya juu. Mamba alikaa kombo. Milka alishuka, akamtazama, akamwacha hivyo hivyo, kisha akapanda tena kumtoa ngege.