Ubaridi Utokao Ardhini

Namshukuru Mwenyezi Mungu, ambaye mvua na ukame vyote viko mkononi mwake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, mto Tana uliingia kijijini kwetu Chara na haukutoka. Tulivushwa kwa mtumbwi hadi kwenye mwinuko karibu na Minjila, tukapewa turubai. Hata huko, ukikanyaga ardhi maji yalichomoza kando ya unyayo. Mke wangu alikuwa na malaria. Dawa alikwisha kumeza na homa ikashuka, lakini mwili ukaendelea kupoa, na hilo ndilo lililonitisha.

Watoa misaada walituachia magodoro mawili ya kambi: moja nene la kujazwa hewa, jingine jembamba la sponji ngumu. Kwetu mgonjwa hupewa kilicho bora. Nikampulizia lile nene, tukamfunika blanketi zote. Mimi nikalala kwenye jembamba.

Nilipoamka kwa swala ya alfajiri, mgongo wangu ulikuwa na joto. Yeye alikuwa akitetemeka, midomo imebadilika rangi. Nje, ng'ombe wa Waorma, majirani zetu wafugaji, walikuwa wamenyamaza, wote wanatazama upande wa maji.

"Shemeji," dada wa mke wangu, tuliyekuwa naye humo turubaini, aliniambia, "umekoroma kama mtu aliyelala kando ya jiko. Mwenzio anaganda."

"Nimempa godoro zuri."

"Zuri kwa macho."

Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, godoro lako ni la kifalme. Ila mfalme mwenyewe ni maiti."

Hatukucheka.

Kulipopambazuka alipita mama mmoja wa misaada, mtu wa bara aliyezoea kupiga kambi milimani. Aligeuza pembe za magodoro, akatuonyesha namba zilizochapwa hapo. Lile nene liliandikwa 1, jembamba 2.

"Hiyo ndiyo nguvu ya godoro kuzuia ubaridi wa ardhi," alisema. "Namba ikiwa kubwa, joto la mwili halipotei upesi. Usipime kwa unene, mwalimu. Hili nene ni hewa tupu. Inazunguka ndani, inachukua joto la mgongo inalipeleka kwenye tope."

"Na blanketi zote hizi?"

"Zinazuia juu. Yeye anaibiwa chini."

"Basi alale kwenye jembamba."

"Alale kwenye yote mawili. Namba zake hujumlishwa."

Tukaweka jembamba juu ya nene, tukamlaza. Nikakaa nimeshika unyayo wake, baridi kama samaki, na ulimi wangu wenyewe ukaanza kusoma Yasini, sura tunayowasomea wanaoaga. Sikuweza kuuzuia. Jua lilikuwa limepanda nilipohisi joto likirejea kwenye kisigino, kidogo kidogo. Kisha akaomba uji.

Alhamdulillahi. Lakini uji ulipokuwa jikoni, maji yalikuwa yamefika kwenye vigingi vya turubai letu, tukaambiwa tuhame tena. Tulimbeba juu ya magodoro hayo, tumeyafunga pamoja kwa kamba. Aliyetangulia alipapasa maji kwa mti, akitafuta mamba. Sisi tulifika pakavu. Wako ambao hawakufika.

Ewe unayesoma, Mungu akujaalie pakavu pa kulaza ubavu, na akukinge na shari inayokujia kutoka upande usioutazama. Amin.