Waffle za Dada

Harufu ya siagi ikiungua hunirudisha Kawangware, kwenye chumba chetu cha mabati. Dada yangu, aliyefanya kazi nyumbani kwa Wazungu, alimimina uji mzito wa unga na mayai kwenye kikaango, akaukandamiza kwa wavu wa waya uliopashwa moto hadi ukaiva ukiwa na alama za visanduku. Akauita waffle. Baba, ambaye hakuwahi kusifu chapati zangu, aliomba ya pili. Mimi nilisema nimeshiba.

Asubuhi yake, dada alipoenda kuteka maji, nilipika zangu. Mbili ziliungua, ya tatu ikatoka safi. Baba, aliyeamka na kuikuta tayari mezani, aliila polepole, yote. Dada akaingia na debe.

"Mwanangu, wewe ni mpishi," Baba akamwambia dada.

Dada alitazama unga mikononi mwangu, akajibu, "Asante, Baba."