Doa la Upande wa Kulia

Siku daktari aliponiambia nina saratani kwenye pafu la kushoto sikushtuka sana. Nilikuwa nimekohoa damu miezi miwili, na neno hilo nilikuwa nimeshalizoea kichwani. Kilichonishtua kilikuja siku tatu baadaye, nilipofuata majibu ya ile mashine ya duara inayompiga mtu picha akiwa amelala.

"La kushoto tunalijua," alisema daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi. "Kule kinyama tulikitoa tukakipima. Lakini kuna doa jingine, kulia, juu. Hilo halieleweki."

"Halieleweki kwa nani? Kwa mashine au kwa aliyeisoma?"

"Kwa wote wawili, mzee wangu."

Shule niliiacha darasa la sita, nikapanda lori la chumvi, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Kuuliza sikuacha. Nilimuuliza yule daktari mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugonga mlango. Nikaelewa hivi: doa lile huenda ni kovu la kifua kikuu nilichougua zamani, au ni saratani ileile imevuka. Kama ni kovu, watanipasua na kuitoa ile ya kushoto. Kama imevuka, hawapasui. Ningepewa dawa za kuichelewesha, si za kuimaliza.

"Na mtajuaje?"

"Tusubiri miezi mitatu tupige tena, tuone kama linakua. Sindano ya kutolea kinyama sipendi kuichoma, doa lilipo ni pabaya. Au..." Akafunua faili. "Ulipougua kifua kikuu si ulipigwa eksirei? Ile picha unayo? Kama doa lilikuwepo tangu wakati ule na halijabadilika, tunajua ni kovu."

Nilicheka kwa furaha. Maishani sijatunza kitu, hata cheti cha ndoa kilinipotea kabla ya ndoa yenyewe, lakini picha ile ilikuwepo. Wakati ule nilikuwa mpakia mizigo Msata, nalala popote, kwa hiyo niliipeleka Bagamoyo kwa dada yangu, ndani ya bahasha yake ya kaki, aiweke juu ya kabati.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Kazi yake ni kuwachora maharusi hina na piko. Nilimkuta uani ameshika mguu wa biarusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekuwa ufito? Umekula?"

"Ile bahasha yangu iko wapi? Ya picha ya kifua."

Mkono wake ukasimama juu ya mguu wa watu. "Lakini wewe ulipona."

"Iko wapi, dada?"

Aliingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ngumu, vyeupe kama kioo, vimetobolewa kwa wembe maua na majani. Kipande huwekwa juu ya ngozi, hina ikapakwa juu yake. Kikiinuliwa, ua limebaki mkononi. Wachoraji wa huku hupenda plastiki ya eksirei kwa sababu hailowi wala haikunjiki. Huiloweka kwanza kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, mpaka weusi wote utoke.

Hayo nilikuwa nayajua tangu zamani. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba na yangu ingelowekwa. Niliinua kipande kimoja juani. Kupitia tundu la ua nilimwona mbuzi wa jirani. Mbavu hakuna, pafu hakuna.

"Umenifua, dada," nilisema. Biarusi akacheka, kisha akatuangalia usoni akauvuta mguu wake.

"Miaka yote hiyo hujaiulizia!" Dada alikuwa analia na kugomba kwa pamoja. "Mtu akishapona, picha ya ugonjwa anaiweka ya nini? Mimi niliona ni nuksi, maradhi yako kukaa juu ya kabati langu kama yanangoja kuitwa."

Ndipo nikamwambia kwa nini naitaka. Alikaa chini kwenye mkeka, miguu ikiwa imenyooka mbele, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akasema, "Ngoja. Niliikata vipande vinne, na dawa ikaniishia. Kimoja nilimpa mwanafunzi wangu wa Miono, cheusi hivyohivyo."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Miono. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mama wa makamo. Kipande kilikuwa kimening'inia kwenye msumari ukutani.

"Cheusi ndicho kizuri," aliniambia akikishusha, "mwisho wa ua unauona vizuri. Unakitakia nini?"

"Hicho ni kifua changu."

Alikiachia kikaanguka. "Astaghfirullah! Nimewapamba maharusi wa watu kwa mapafu ya mwanamume!"

Tulirudi hospitali mimi na dada. Daktari alikiweka kipande kwenye kisanduku cha taa. Chini palikuwa na maua mawili na mzabibu uliopinda. Juu ya mzabibu, mahali wembe haukufika, palikuwa na doa dogo kama choroko. Nililiona kabla hajaninyooshea kidole.

"Lipo!" nilisema.

Daktari alikitoa, akakigeuza, akakirudisha. Doa likahamia upande wa pili.

"Herufi ya kuonyesha upande ilikuwa kwenye kona iliyokatwa," alisema. "Nikiweka hivi, hili ni pafu la kulia. Nikiweka hivi, ni la kushoto. Sijui ni lipi."

Dada aliziba uso kwa khanga. Nilikuwa nimejipata, na sikujua nimepata upande upi.

Daktari aliinama, akahesabu mbavu kwa ncha ya kalamu. Kalamu ikasimama. "Uliwahi kuvunjika ubavu?"

Mwaka mmoja kabla ya kifua kikuu nilianguka kutoka juu ya lori pale Msata, gunia la mahindi likanifuata.

"Upande gani?"

Mkono ulikwenda wenyewe kulia. Alifungua picha mpya kwenye kompyuta, akapita mbavu moja moja. Kulia, ubavu wa nne, palikuwa na kinundu. Kushoto hapakuwa na kitu. Kwenye kipande cheusi kinundu kilikuwa palepale, chini kidogo ya doa.

"Basi ni kulia," alisema. "Na doa ni hilihili, halijakua. Nitawaonyesha wenzangu, lakini mimi nasema ni kovu. Nitawaambia watu wa upasuaji."

"Alhamdulillahi," alisema dada.

Nami nilitaka kusema hivyo. Lakini daktari alikuwa ameshaweka kidole mgongoni mwangu, chini ya bega, akanionyesha watakapoanzia na watakapoishia, na kiasi cha pafu kitakachotoka. Siku zote zile nilihangaika waniruhusu nipasuliwe, na sikuwahi kufikiria kupasuliwa kwenyewe. Nilitaka kumuuliza watazipanuaje mbavu. Mdomo ulifunguka, swali halikutoka.