Alasiri Chini ya Migomba

Siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Shomari na mimi, makarani wawili tulioketi meza moja katika ofisi ya serikali mjini Bagamoyo, tulikwenda kwao Mlingotini baada ya sala ya Ijumaa, tukala wali na ngisi. Mama yake alinicheka kwa kula taratibu. "Karani, wali huo haukaguliwi, unaliwa!" Muda si mrefu tuliitwa mgambo, na baadaye tukajikuta Kagera, vitani.

Nayaandika haya nikiwa mstaafu, hapa Kerege, kwa sababu nimeudhika. Hivi karibuni mhadhiri mmoja mgeni alisimama msikitini kwetu akatamka kwamba askari waliosali na damu mwilini walijisumbua bure, na kwamba sala zao zote bado ni deni. Hakuuliza kama miongoni mwetu yupo aliyekuwako. Mimi nilikuwako, na ni haki jambo hili liandikwe kama lilivyokuwa.

Kombora lilianguka asubuhi, tukiwa ndani ya shamba la migomba. Kipande cha chuma kiliniingia pajani. Mganga wa kikosi alinifunga, lakini damu iliendelea kupenya bendeji. Adhuhuri ilipita, sikusali. Alasiri ilipoingia, Shomari aliniuliza nangoja nini.

"Nangoja damu ikatike. Nguo yote imelowa. Nitalipa nikipona."

"Na usipopona?"

Koplo mmoja wa Tanga, aliyelala karibu yetu, alicheka. "Mwache bwana, Karani yuko mwezini. Baada ya siku saba ataoga, asali."

Tulicheka sote, na Shomari pia. Kisha akanisogelea.

"Mwenye hedhi amekatazwa kusali. Wewe kakukataza nani?" Akashusha sauti. "Mama aliwahi kuugua, damu ya maradhi ikimtoka mfululizo. Hakuacha sala. Wakati ukiingia alijisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha, akasali. Ikishuka tena, hapakuwa na lawama juu yake. Seuze jeraha!"

Mama huyo mwenyewe, kabla hajafariki, aliniruhusu kulisimulia jambo hilo. Vinginevyo nisingelitaja.

Shomari alinifuta damu, akanivisha shuka lake safi, akakaza kitambaa juu ya bendeji. Chupa yangu ya maji ilikuwa imekwisha, hivyo akanimiminia ya kwake, kiungo baada ya kiungo. Miguu aliniosha yeye, kwa kuwa sikuweza kuinama. Nilisali nimekaa, rukuu na sijda nikiziashiria kwa kichwa. Katika rakaa ya mwisho nilihisi damu ikipita chini ya kitambaa.

Niliendelea.

Nilipotoa salamu, Shomari alizichukua chupa zote mbili, akateremka kijitoni kuzijaza.

Ikalia risasi.

Moja tu.

Koplo yule aliyenitania ndiye aliyetambaa hadi kijitoni akamrudisha. Tulimzika bila kumwosha, na sare yake na damu yake, kama azikwavyo shahidi.

Niliporejea pwani nilikwenda Mlingotini kwa mkongojo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilimweleza yote, sikuficha habari ya maji. Nikamwambia pia nililolijua baadaye, nikiwa hospitalini: kwamba maji yanapohitajika kwa kunywa, mtu hutayamamu kwa udongo, na sala yake ikasihi.

"Udongo ungetosha," alikubali. "Sala yenyewe uliimaliza?"

"Niliimaliza, mama."

"Alhamdulillahi. Maji yalikuwapo, akakupa. Usimtafutie kosa mwanangu."

Sikumtafutia tena. Nimejaliwa umri, mke, watoto na wajukuu. Shomari hakujaliwa hata kuoa. Hesabu hiyo haisawaziki, wala sijidai kuisawazisha. Namshukuru Mungu, na baada yake namshukuru Shomari, kila ninapofungua bomba la maji uani na kuanza kutawadha bila wasiwasi wowote.

Sala zilizonipita ujanani nimezilipa, moja baada ya nyingine, ikiwamo Adhuhuri ya siku ile. Alasiri yake sijailipa, wala sitailipa.