Kilonzo Aliyezungushia Kijito Miiba

“Mzee Kilonzo, kwani nani atakuibia maji?”

Nilimuuliza hivyo mwaka wa 1953, nikiwa na miaka tisa na adabu kidogo. Alikuwa amezungushia chemchemi miiba, kama kwao Ukambani wanavyozungushia kisima cha mchangani ng'ombe wasikikanyage. Huku kwetu Ruiru kila bonde lina maji, basi tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Akasema tu, “Maliza shule kwanza.”

Kazi yake katika shamba la kahawa ilikuwa kutunza hiyo chemchemi na kijito kinachotoka humo: kuzoa majani, kufukuza mbuzi, kurudisha miiba. Kijito chenyewe unakiruka bila kushika sketi, kisha kinaingia mtoni pale tunapochota maji.

Mwaka wa 1955 nyapara Jeconia, ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake, alichoka kumwona.

“We Mkamba, mto mzima uko hapo chini, na wewe unalinda mkojo wa mbuzi! Panda mikaratusi hapa tupate kuni.”

“Nikipanda hiyo, mto utaugua.”

“Utaugua nini, malaria?”

Watu wakacheka. Kilonzo akakataa, akanyang'anywa kazi na chumba. Akawa kibarua wa kuchuma kahawa, analala kwa mwenzake Muasya. Jeconia akapanda miti yake.

Miti ikanywa, wee! Kiangazi cha 1958 kijito kikakauka, na mto ukalala pale kwenye kona kama mgonjwa. Maganda ya kahawa kutoka mashamba ya juu yalikosa wa kuyasukuma, yakaoza. Darasa letu zima likaharisha, mwalimu akiwemo. Jumapili moja Mchungaji Zacharia alimbatiza Jeconia pale pale kwenye kona ya mto. Alimzamisha nyapara, akaibua kitu cha kijani chenye maganda kichwani, kinanuka kuliko dhambi zake zote. Kwaya ilishindwa kuimba.

Kesho yake mwenye shamba akamwita Kilonzo arudi. Mzee akataka vitu viwili: chumba chake, na Jeconia wa kubeba magogo. Akakata mikaratusi yote, akang'oa visiki, akarudisha miiba. Mvua ya Aprili ikanyesha, kijito kikaamka, na kufikia Juni mto ulikuwa unasukuma uchafu wake wenyewe. Matumbo yetu yakatulia.

Juzi nilimkuta akizoa majani.

“Mzee, hujanijibu bado. Nani angeiba maji?”

Akanyoosha panga kuelekea kwa nyapara, ambako kuni za mikaratusi zilikuwa zinawaka chini ya birika.

“Mwizi si yule motoni? Anamchemshia Jeconia chai.”