Dada Yangu Alivyoganda Mdomo Wazi

Kwa miezi mingi niliamini kwamba mama mwenye banda la video mtaani kwetu Kiseke ana mtambo wa kunyonya picha. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi, na kwa kinyozi hakuna habari inayodaiwa ushahidi. Walisema kaufukia chini ya benchi la mbele; mpira ukikaribia goli anabonyeza, ving'amuzi vya mtaa mzima vinaganda, nasi tunakimbilia kwake na viingilio mkononi. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikachora mawimbi ubaoni mpaka chaki ikaomba kupumzika, niliamini.

Maana enzi za runinga ya chogo, antena ikiwa dirishani, picha ilikuja na chenga utadhani habari zinasomwa ndani ya gunia la mchele. Lakini ilikuja. Wingu likitanda ziwani chenga ziliongezeka, ukiipiga kofi mgongoni zilipungua, na baba aliona na kusikia. Kisha tukaambiwa analojia basi, nunueni king'amuzi, mtaona mpaka kope za mtangazaji. Tukanunua. Kope tuliziona, sikatai, halafu zikaganda. Hii ni dharau ya aina gani? Chenga zilikuwa umaskini. Huku ni kufungiwa mlango usoni.

Nilivumilia mpaka Jumapili ile kwaya ya dada yangu iliporushwa moja kwa moja. Dada alikuwa aimbe peke yake, na baba, ambaye miguu ilikuwa haimfikishi tena kanisani, alivaa koti tangu asubuhi kana kwamba ndiye atakayeonekana. Dada akasogea mbele, akafungua mdomo, akaganda. Uso ukakatika vipande vya mraba kama vigae, sauti ikakwaruza, kisha kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

"Kipige kofi," baba akasema.

"King'amuzi hakipigwi, baba."

"Basi kina faida gani?"

Nilitoka na hasira ya kukausha ziwa mpaka Ukerewe. Nikaingia bandani bila kiingilio, na pale kwenye kioo kwaya ilikuwa ikiimba, safi, hata vifungo vya sare unahesabu.

"Shikamoo, mama. Zima huo mtambo wako, baba yangu amwone mwanawe."

"Marahaba. Mtambo gani?"

"Wa chini ya benchi."

Watu wa benchi la mbele wakainua miguu. Mama akainama, akachungulia kwa makini. "Naona ndala moja," akasema. "Ndiyo inayowanyonya?"

Banda zima likacheka. Mimi sikucheka.

"Antena yenu iko wapi, baba?" akaniuliza.

"Dirishani, palepale pa zamani. Na zamani ilikuwa inashika."

"Dirisha lenu limetazamana na lile jiwe kubwa kama kilima, linazuia mawimbi. Yangu iko juu ya jiwe. Zamani mawimbi yakifika dhaifu, picha nayo ilikuja dhaifu, ndizo chenga zenu hizo. Ya siku hizi yakipungua kupita kiasi, king'amuzi kinashindwa kuiunda picha, kinaacha kabisa. Hakuna anayewanyonya. Antena utaipandisha kesho. Sasa hivi kambebe mzee, mtangazaji kasema huyo binti anarudi na wimbo wa mwisho."